Njuga si Kengele

Mlio uliousikia sasa hivi, kabla sijafungua kinywa, ni wa njuga. Ninazo hapa mezani, karibu kabisa na maikrofoni. Ni ukanda wa ngozi ya ng'ombe, mkavu na uliokunjamana, na juu yake zimeshonwa njuga kumi na mbili za chuma, kila moja ukubwa wake kama kungumanga. Ukiishika moja ukaitazama kwa karibu, utaona ni kipande cha chuma chembamba ambacho mhunzi amekikunja mpaka kingo zake mbili zikakaribiana, kama midomo ya mtu anayetaka kupiga mluzi. Ndani mna punje ya chuma. Haitoki, maana ule mwanya ni mwembamba kuliko yenyewe, na haitulii, maana ukihema tu karibu nayo inalia. Njuga hizi alizivaa mjomba wangu mguu wa kulia miaka yote aliyocheza ngoma, na magoti yalipomshinda akanipa mimi.

Nimezileta studio leo kwa sababu ya swali la mtoto. Desemba iliyopita binti wa dada yangu, yuko darasa la tano, alinijia na kitabu chake cha nyimbo. "Mjomba," akasema, "jingle bells ni nini?" Nikamwambia asome waandishi walivyofasiri hapo chini. Walikuwa wameandika kwamba ni kengele zinazolia. Mtoto akanyamaza kidogo, akauliza tena: "Kengele kama ya shuleni kwetu?" Sasa, kengele ya shuleni kwao ni rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe, na mwanafunzi wa zamu huigonga kwa nondo. Akataka kujua farasi wa kwenye wimbo anaibebaje.

Swali lile halikunitoka. Mtoto alikuwa amefikiri sawasawa kabisa kwa neno alilopewa. Kosa lilikuwa la neno. Nikaenda chumbani nikamletea njuga hizi, nikazitikisa. "Hizi ndizo," nikamwambia. Akazishika kwa mikono miwili, akazifunga mguuni, akaanza kutembea sebuleni, na hakuhitaji maelezo zaidi.

Kengele, msikilizaji, ina mdomo wazi. Imetengenezwa kama kikombe kilichopinduliwa, na ndani yake unaning'inia ulimi unaogonga ukingo, au kama haina ulimi, mtu anaigonga kwa nje. Inalia ngo, halafu mlio unabaki hewani, unakwenda mbali, unakufa polepole. Ndiyo maana iko kanisani, iko shuleni, iko kituo cha reli. Njuga imefumba. Ni tumbo lenye ufa, na ndani ya tumbo kuna kitu kinachotembea. Haipigwi na mtu. Kinachoipiga ni mwendo wa yule aliyeivaa. Akisimama, nayo inanyamaza. Mlio wake ni mfupi, mkavu, na mara nyingi huja kwa wingi, kwa sababu njuga moja peke yake haina kazi kubwa, njuga huenda kwa kundi.

Waingereza nao wana neno moja pana, kama sisi tulivyo na kengele. Lakini wanapotaka kutaja hii iliyofumba, hutanguliza neno jingle, na hapo kila mtu anaelewa ni ipi. Wataalamu wa vitu vya kale wana jina lao jingine, krotali, lililotoka Kigiriki kupitia Kilatini, na maana yake ya asili ni chombo cha kugonganisha na kutatarisha. Jina hilohilo wanasayansi wamempa yule nyoka wa Marekani mwenye njuga mkiani. Mkulima wa Uingereza anapolima shamba la zamani huokota krotali za shaba zenye herufi R na W. Ni alama ya Robert Wells, mfuaji wa kijiji cha Aldbourne, karne ya 18. Zilidondoka kutoka shingoni mwa farasi wa mizigo waliopita njia nyembamba, ambako wasafiri wawili wakikutana uso kwa uso hakuna pa kupishana. Mlio wa njuga ulimwambia aliye mbele: kaa hapo penye upana, ningoje nipite.

Hilo la kumwonya aliye mbele ndilo linalotufikisha kwenye wimbo wenyewe. Wimbo wa "Jingle Bells" ni wa kaskazini-mashariki ya Marekani, upande wa Boston na miji yake, katikati ya karne ya 19. Huko, enzi hizo, baridi ikiingia, theluji ilifunika barabara kwa miezi. Magurudumu hayakufaa tena, kwa hiyo farasi walifungwa sleji, kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya mbao mbili ndefu. Na theluji, msikilizaji, humeza sauti. Kwato za farasi zinazama ndani yake kama mtu anayetembea juu ya godoro. Sleji yenyewe hailii. Kwa hiyo ungeweza kusimama njia panda usiku, farasi anakuja mbio kwa nyuma, na usimsikie mpaka amekufikia. Watu waligongwa, na sleji ziligongana. Dawa yake ikawa kumfunga farasi mshipi wa njuga kifuani au kumzungushia tumboni. Tunapousikia leo ule mlio tunadhani ni pambo la sikukuu. Kwa watu wale ulikuwa honi.

Mahali zilipotengenezwa kwa wingi ni mji mdogo wa East Hampton, jimbo la Connecticut. Mtu aitwaye William Barton alianza kazi hiyo hapo mwaka 1808, wengine wakamfuata, na mji ukapata jina la utani la Mji wa Kengele. Kiwanda cha ndugu wa ukoo wa Bevin, kilichoanzishwa 1832, kilipigwa na radi kikaungua Mei 2012, wenyewe wakakiinua tena, na kengele bado zinatoka hapo.

Nataka nikueleze namna njuga ya kumimina inavyofanyika, kwa sababu mimi mwenyewe nilijiuliza kwa muda mrefu ile punje inaingiaje ndani ya kitu kilichofumba. Mfuaji anachukua mchanga wenye udongo, anaufinyanga kuwa donge la duara, na katikati ya donge anaficha punje ya chuma, kama anavyoficha mtu kokwa ndani ya tunda. Donge hilo analiweka ndani ya kalibu, akiacha nafasi ndogo pande zote. Kisha anamimina shaba iliyoyeyuka, nayo inajaza nafasi ile na kulifunika donge lote isipokuwa pale alipopaacha pawe mwanya. Shaba ikipoa, anaitoa, anaitikisa na kuichokonoa, na mchanga unamwagika wote kupitia mwanya. Punje ya chuma inabaki, kwa kuwa ni pana kuliko mlango. Mara ile ya kwanza inapogonga ukuta wa ndani, njuga imezaliwa.

Mhunzi wetu hakupita njia hiyo. Yeye alifua chuma kikawa chembamba, akaweka punje, akakunja. Njuga yake haina umbo kamili la duara kama ile ya shaba, na mlio wake ni mzito zaidi, una ukali wa chuma. Lakini wote wawili wamepata jibu moja: kifungie kitu nyumba ambayo hakiwezi kutoka, halafu uache mwendo ukiamshe.

Turudi kwenye wimbo. Aliyeutunga ni James Lord Pierpont, mtoto wa mchungaji, mwenyeji wa Boston, ambaye baadaye alikuwa mpiga kinanda wa kanisa huko Savannah, Georgia. Ulichapwa Boston mwaka 1857 kwa jina la "One Horse Open Sleigh", yaani sleji ya wazi ya farasi mmoja. Mwaka 1859 ukachapwa upya, na njuga zikapanda kwenye kichwa cha wimbo. Ukisoma maneno yake yote hutakuta Krismasi mahali popote. Ni wimbo wa vijana wanaoshindana mbio kwenye theluji na kutafuta wachumba. Tena kuna jambo ambalo sisi Waafrika tunapaswa kulijua tunapouimba. Mtafiti wa historia ya tamthilia, Kyna Hamill wa Chuo Kikuu cha Boston, alionyesha katika makala yake ya 2017 kwamba mara ya kwanza ulipoimbwa jukwaani, Septemba 1857, uliimbwa katika ukumbi wa maonyesho ambako wazungu walijipaka weusi usoni ili kuwaigiza na kuwacheka watu weusi. Sisemi watoto waache kuuimba. Nasema mtu mzima anayewafundisha ajue ulikopitia.

Sasa njoo kwenye sarufi, maana hapa Kiswahili kinatusaidia kuona kitu ambacho Mwingereza mwenyewe hupita bila kukiangalia. Maneno jingle bells yanaweza kusomwa kwa njia mbili. Unaweza kuyasoma kama jina, aina ya kengele, kama tunavyosema taa za barabarani. Na unaweza kuyasoma kama amri, msemaji akiziambia njuga zenyewe zilie. Kwa Kiingereza maneno hayabadiliki, kwa hiyo mwimbaji hahitaji kuchagua. Kwa Kiswahili lazima uchague. Ama useme "njuga", basi, jina limetimia, ama useme "lieni, njuga!" Mimi nachagua amri. Mtu yuko mbioni, hatamu mkononi, upepo usoni, anazisemesha njuga za farasi wake kama mpiga ngoma anavyousemesha mguu wa mchezaji. Lakini ukiingia dukani kununua kile kitu chenyewe, hapo ni jina, na jina lake kwetu ni njuga.

Njuga hizo zimefika hata juu ya mawingu. Tarehe 16 Desemba 1965, wanaanga Walter Schirra na Thomas Stafford, wakiwa ndani ya chombo cha Gemini 6, waliwaambia wenzao wa duniani kwamba wameona kitu cha ajabu kikipita kutoka kaskazini kwenda kusini. Kabla watu hawajatafakari, wakasikia kinanda cha mdomo na njuga ndogo zikipiga wimbo huohuo. Walikuwa wamezipandisha kwa siri. Ndivyo vyombo vya kwanza vya muziki kupigwa na binadamu angani, na leo vinatunzwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Marekani.

Neno jingle lenyewe ni kongwe kuliko wimbo. Ni neno la kuiga sauti, kama sisi tunavyosema mvua inatitirika au mlango unakwaruza. Mwishoni mwa karne ya 14, mshairi Geoffrey Chaucer alimchora mtawa mpenda farasi na mawindo, ambaye akipita, watu walisikia lijamu yake ikilia kwenye upepo, na Chaucer akaulinganisha mlio huo na wa kengele ya kanisa. Angalia alivyokuwa hodari: miaka mia sita iliyopita yeye ameshaviweka viwili hivi bega kwa bega, kile kilichovaliwa na kile kilichotundikwa, na kwa kufanya hivyo ametuambia moyo wa mtawa yule uko wapi.

Baadaye Waingereza wakalitumia neno hilo kwa sarafu mfukoni, kwa funguo, kwa vile vibati vilivyopangwa kwenye ukingo wa tari. Kisha wakalitumia kwa mashairi mepesi yenye vina vingi na maana kidogo, kwa kuwa nayo yanalia masikioni. Na kutoka hapo likaingia nyumbani kwetu hapa, redioni. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1926, kituo cha WCCO cha Minneapolis kilirusha wanaume wanne wakiimba wimbo mfupi wa kusifu chakula cha ngano kiitwacho Wheaties. Huo ndio unaohesabiwa kuwa tangazo la kwanza la kuimbwa redioni. Tangu hapo kila wimbo mfupi wa biashara, na kila kile kipande kinachotaja jina la kituo kati ya kipindi na kipindi, kikaitwa jingle. Mafundi mitambo wetu husema jingo. "Weka jingo," wananiambia kupitia kioo, na hawakosei. Jingo ni njuga ya redio. Inakuambia, wewe uliye jikoni na hutazami, nani anapita.

Kuna watu wataniambia njuga ni neno la ngomani tu, halifai kwa farasi wa Ulaya. Wafungue Biblia ya Kiswahili, ile ya Union. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 28, joho la kuhani mkuu limezungushiwa pindoni makomamanga na njuga za dhahabu, kwa kupishana, ili sauti yake isikike anapoingia patakatifu na anapotoka. Katika Isaya, sura ya 3, mabinti wa Sayuni wanatembea kwa madaha na njuga zinalia miguuni mwao. Na katika Zakaria, sura ya 14, ziko njuga za farasi. Farasi hasa, msikilizaji. Wafasiri wale walikaa na wenyeji wa lugha, wakauliza, wakaambiwa, wakaandika. Kazi ilishafanywa kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Anayeandika kitabu cha watoto leo hana haja ya kubahatisha.

Na kama ni ngomani, basi tunazo za kila namna. Mpiga nyatiti wa Kijaluo huvaa gara mguuni, njuga za chuma, pamoja na pete nzito ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, iitwayo oduong'o, ambayo anagongea ukingo wa ala yake. Mtu mmoja, mikono kwenye nyuzi, mguu unapiga mapigo mawili tofauti. Wagikuyu wana njingiri. Tamka jina hilo taratibu, halafu tamka lile la Kiingereza, usikie masikio ya watu wawili wasiofahamiana yalivyousikia mlio mmoja. Pemba iko ngoma iitwayo msewe, na imepata jina kutokana na kile wachezaji wanachofunga miguuni. Chombo kimeipa ngoma jina lake.

Hapo ndipo ulipotoka usemi ambao huusikia kila siku kwenye taarifa ya habari: kulivalia njuga jambo. Waziri amelivalia njuga suala la maji. Wazazi wamelivalia njuga suala la chakula cha shule. Wamarekani wanao usemi wa jirani yake. Wakikuahidi kuja kwako kwa moyo wote, husema watakuja wakiwa wamevaa kengele. Lakini wetu una uzito zaidi, na mjomba ndiye aliyenionyesha kwa nini.

Nilikuwa mdogo, nimekaa kando ya uwanja. Wanaume walisimama wengi, wanapiga makofi, wanaitikia, wanayumba kidogo. Yeyote kati yao angeweza kuondoka na asionekane ameondoka. Mjomba akachuchumaa, akaweka ukanda huu juu ya kifundo cha mguu, akauzungusha, akaufunga fundo, akaufunga tena fundo la pili. Akanyanyuka. Tangu dakika ile, hatua yake yoyote ilisikika na uwanja mzima. Akikosea pigo, watu wote wamesikia. Akichoka, wamesikia. Hata akitaka kwenda kunywa maji, wamesikia. Aliyevaa njuga hawezi tena kuwa mtazamaji, wala hawezi kujificha katikati ya watazamaji.

Ndiyo maana ya kulivalia njuga jambo. Bidii peke yake haitoshi, maana mtu anaweza kuwa na bidii kimyakimya. Ni kuingia uwanjani kwa namna ambayo watu watakusikia ukicheza na watakusikia ukisimama. Wenzangu wa vyumba vya habari, nawaomba kwa heshima: kiongozi aliyesoma hotuba mara moja na kurudi ofisini hajavalia kitu njuga. Ametoa hotuba. Tuuweke usemi huu kwa wale ambao hatua zao zinasikika, kesho na keshokutwa, ili siku tukiutumia, msikilizaji ajue tumesema kitu.

Binti wa dada yangu amerudi shule. Kwenye kitabu chake, juu ya lile neno kengele, ameandika kwa penseli neno njuga, na pembeni amechora duara lenye ufa. Nawe uliyenisikiliza, kama nyumbani kwenu ziko njuga za babu zimening'inia ukutani au zimelala sandukuni, zitoe leo, mwonyeshe mtoto jinsi zinavyofungwa, na umwambie kwa lugha ya kwenu zinaitwaje. Nanyi mnaowaandikia watoto wetu vitabu, mkikutana na farasi anayekuja mbio kwenye theluji, andikeni njuga.